Bakuli la Babu Nyau

Inspekta alipiga chafya kabla hata hajaambiwa kilichomo ndani ya boksi la viatu.

"Paka," alisema, akipapasa mkoba kutafuta leso. "Nani kaniletea paka?"

"Ni marehemu, afande," alijibu Sajini, akijitahidi kuvaa uso wa msiba. "Hana madhara tena."

"Iambie pua yangu."

Aliyelileta boksi alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia nyeupe kichwani, alama ya sijda kwenye paji la uso, koti limempwaya kama kaazimwa na mtu mnene. Mfuko mmoja wa koti ulijaa kalamu, mwingine ulinuka samaki. Hakuna askari kituoni pale ambaye hakumjua. Alikuwa ripota wa gazeti la mji tangu wengi wao hawajaota meno, akiandika kesi, misiba na vikao vya baraza. Na kila alfajiri, akitoka kuswali, alizunguka mitaa ya katikati kuwalisha mbwa wa stendi, paka wa sokoni na punda wa wachota maji. Watu walimwita Babu Nyau. Naye aliitika kana kwamba ni cheo alichokisomea.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuripoti mauaji."

Sajini alikohoa kikohozi kisichotoka kifuani.

"Wamekufa watatu," Babu aliendelea, "jana mchana, uani nyuma ya gazeti. Huyu nimemleta kama kielelezo. Wenzake nimewafunika, wako kivulini."

"Babu, nje pale kuna foleni ya watu walioibiwa, waliopigwa, waliokimbiwa na waume."

"Najua. Nitawaandika kesho. Lakini sumu ikishaingia uani pa watu, mwanangu, haihesabu miguu."

Inspekta alikuwa na maradhi mawili. Ya kwanza yalikuwa hayo ya paka. Ya pili, yaliyomsumbua zaidi na ambayo hayakuwa na vidonge, yalikuwa udadisi. Akavuta kiti, akamwonyesha mzee kiti kingine.

"Mletee Babu chai," alimwambia Sajini. "Haya, tuanze. Nani aliwalisha jana?"

"Ndiyo kisa cha mimi kuwa hapa," Babu alisema taratibu. "Ni mimi. Vichwa vya samaki nilivyowapa vilikuwa vya juzi. Nilivinusa, nikaona vinafaa. Sasa pua yangu ni ya kizee. Kama mkono wangu ndio uliowaua nataka nijue leo, maana nitaulizwa."

"Utaulizwa na nani?"

Babu aliinua kidole kuelekea juu. Sajini, aliyekuwa akiingia na kikombe, alitazama dari.

"Mbali na vichwa vya samaki, uliwapa kitu kingine?"

"Na kingine kidogo." Mzee alitazama viatu vyake.

"Kingine gani?"

"Chakula. Chakula kizuri tu, wanachokula watu, na waliokila hawajambo."

Inspekta alimtazama. Mtu aliyetumia umri wake kuwabana madiwani waseme waziwazi, sasa alikuwa anajibu kama diwani. Alipokea chai kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka mezani mbele yake. Walizungumza mpaka chai ile ikafanya utando juu, na mkono wa mzee haukuigusa tena.

"Nani anawachukia paka wako, Babu?"

"Wenye kuwachukia ni wengi. Mwenye kusema kwa sauti ni Fundi."

Inspekta alimpa Sajini lile boksi. "Kwa daktari wa mifugo. Mwambie afungue tumbo, na aniambie kila alichokikuta, hata kama ni kijiti cha meno."

"Nimbebe paka mjini, afande? Mimi na magwanda yangu?"

"Mfunike vizuri. Watadhani umenunua viatu."

*

Fundi cherehani alikuwa na kibanda chake chini ya ngazi za jengo la gazeti, mlango wa mbele ukitazama barabara, wa nyuma ukitazama ua. Alipoona kitambulisho cha polisi hakuondoa hata mguu kwenye mashine.

"Ni kweli ulisema utawatia sumu paka wa Babu?"

"Nilisema. Mbele za watu. Na ukitaka nitasema tena, dada yangu. Shela la bibi harusi, jeupe, nimelitandika hapa nilipige pasi. Nageuka kuchukua makaa, narudi, paka kalizalia."

"Kalizalia?"

"Kazaa juu yake. Na wale watoto wananitazama kama mimi ndiye niliyevamia wodi."

Inspekta alijifanya anaandika. "Sumu ulinunua?"

"Nilinunua, lakini ya panya." Fundi aliinama chini ya meza akatoa pakiti iliyokatwa kona. Ndani mlikuwa na punje za waridi, zinang'aa kama shanga. Nusu haikuwapo.

"Una paka wote hawa uani, halafu unanunua sumu ya panya?"

"Paka wa Babu wameshiba, dada. Panya wakipita wanaamkiana."

Alimpeleka stoo nyuma ya kibanda. Kweli, kwenye pembe, mlikuwa na punje za waridi juu ya kipande cha karatasi, na viraka vya suti moja ambavyo panya walikuwa wamevimaliza. Lakini nusu pakiti haikuwa pale. Inspekta aliinama, akachungulia, akainuka akiwa na vumbi magotini.

"Hizi hazitoshi."

"Nyingine panya wamekula. Ndiyo kazi yake." Sasa Fundi alianza kutoka jasho. "Afande, ubaya wangu ni huu mdomo. Mke wangu kila Ijumaa namwambia leo namrudisha kwao. Sasa tuna wajukuu."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nilimwona Babu akishuka. Na nikashangaa, maana yeye huwalisha asubuhi tu, anawatupia vile vichwa anakwenda zake. Jana karudi tena adhuhuri, kachuchumaa nao, anawaangalia wanavyokula, na yeye anameza mate kama mtoto dukani."

"Anameza mate?"

"Nilitaka nimwambie, Babu, wanyang'anye basi kidogo."

Inspekta alifunga pakiti ile kwenye mfuko wa nailoni. "Usisafiri."

"Nisafiri niende wapi? Nina suruali za watu."

*

Chumba cha habari kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na ngazi zake zilipandwa na watu wenye mapafu au wenye habari. Inspekta, aliyekuwa amevaa gauni la kawaida, alifika juu akiwa hana vyote viwili. Alisimama kwenye korido kuvuta pumzi na kujikuta anatazamwa na safu ya watu wanaocheka, kila mmoja ndani ya fremu yake.

"Usiwaogope," alisema mwanamke mmoja mwenye kamera shingoni, akiwa ameketi mbele ya kompyuta karibu na mlango. Alikuwa mpiga picha wa gazeti. "Ni marehemu wetu. Gazeti hili halichapi sura ya mwandishi wake akiwa hai. Mwanzilishi ndivyo alivyoacha: habari ni ya watu, si ya anayeiandika. Kwa hiyo ukifungua gazeti ukajiona umo, unacheka, jipapase mapigo ya moyo."

Kwenye kompyuta yake palikuwa na uso wa Babu Nyau, kofia imeenda upande, mtoto wa paka begani, meno machache aliyonayo yote nje.

"Huyo kapendeza," alisema Inspekta.

"Eh, kapendeza, lakini nimehangaika kuitafuta picha hii tangu jana asubuhi. Huyu mzee kicheko chake hakipatikani kwenye kamera, dada. Anasema anayemwona anatosha."

Mlango ukapigwa teke la ustaarabu, akaingia Mama Lishe na kapu kichwani. Harufu ya wali na samaki wa mchuzi ilitembea mbele yake. Akapanga mabakuli kwenye meza ya korido, kila moja la mwenyewe: la kijani la mpiga picha, la udongo la msomaji prufu, la bluu lililobanduka ukingoni la Babu. Watu wakaanza kunyanyuka.

Wa kwanza kufika alikuwa mhariri wa habari, mwanamume mnene, mcheshi, ambaye ofisi nzima ilimwita Mkasi kwa jinsi alivyokata habari za watu. Alichukua bakuli lake, akachukua na la bluu, akaingia nayo kwenye chumba chake cha vioo kuwahi simu iliyokuwa ikilia. Aliwapa mgongo nyuma ya kioo, akazungumza, akacheka, akatoka na lile la bluu.

"Haya, Babu, huduma imekufuata."

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema Babu Nyau, aliyekuwa amerudi kutoka kituoni na kuinamia karatasi zake.

"Makubwa," Mama Lishe alimnong'oneza Inspekta, akidhani ni mgeni wa matangazo. "Tangu nianze kuleta chakula hapa, huyu bwana hajawahi kubeba hata kijiko chake. Jana na leo kageuka mhudumu. Nikimkuta kesho anaosha vyombo nitaacha kazi."

Babu alifunua bakuli, akalitazama kwa mapenzi, akalifunika tena. Kisha akavuta mtoto wa meza, akaliweka ndani, akafunga.

"Huli, Babu?" aliuliza Mkasi.

"Nitakula, nitakula. Nimalizie hii kwanza."

Hapo ndipo Inspekta alipotoa kitambulisho chake na kusema alichofuata. Kicheko cha Mkasi kilipanda, kikashuka, kikatafuta pa kukaa.

"Polisi? Kwa ajili ya paka? Afande, mji huu umeisha wezi?" Alijifuta shingo. "Si huyo Fundi wa chini? Kila mtu alimsikia. Mkamate, tutakuandika ukurasa wa mbele."

"Ninyi jana mlikula chakula gani?"

"Hiki hiki. Na sote tuko wazima. Babu pia, si unamwona? Mzima." Alilisema neno hilo huku anatazama mtoto wa meza.

Inspekta alikwenda kuketi karibu na Babu. Mzee alikuwa anaandika kwa mkono, herufi ndogo zilizonyooka. Midomo yake ilikuwa imekauka, ina magamba meupe pembeni.

"Unaandika nini, Babu?"

"Punda wanapotea." Hakuacha kuandika. "Wale wa wachota maji. Nawajua wote, nawajua kwa masikio. Kwanza yule mwenye sikio lililochanika hakuonekana, kisha mama yake, kisha wale mapacha wa kijivu. Nikafuatilia. Kuna bucha moja, mwanangu, inauza nyama ya ng'ombe lakini hakuna anayewaona ng'ombe wake wakiingia. Nyama hiyo inakwenda mpaka kwenye majiko ya shule."

"Bucha ya nani?"

"Sitaji jina mpaka nimalize kuthibitisha. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

"Mkasi anajua?"

"Habari zote hupitia kwake. Nilimwambia nimeimaliza, wiki iliyopita, nikaja nayo hapa nimeikunja kwapani. Njiani nikasimama kumpa maganda yule beberu wa sokoni. Mimi namlisha maganda kwa mkono huu, yeye anakula habari yangu kwenye mkono huu. Yote, mpaka kichwa cha habari." Kalamu ilisimama. "Niliposhtukia, hasira zikanipanda. Nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema." Akatazama viatu vyake, kama alivyovitazama kituoni.

"Una nakala?"

Babu alijigonga juu ya kofia. "Iko hapa. Nilimwambia Mkasi asihuzunike, ipo kichwani mwangu yote, naiandika upya. Leo jioni nitakuwa nimemaliza. Kesho asubuhi anaipata."

*

Daktari wa mifugo alimpokea Inspekta alasiri, akiwa amevaa aproni ya plastiki na miwani iliyoteremka puani. Inspekta alipiga chafya mara alipovuka kizingiti na akaendelea kwa vipindi.

"Fundi wako mwachie ashone," alisema daktari. "Ile sumu yake ya waridi inatia rangi kila inapopita. Humu hakuna. Halafu ile inaua polepole, mnyama anazunguka nayo siku kadhaa. Hawa walianguka muda mfupi tu baada ya kula. Hii ni dawa ya kuulia wadudu mashambani, na si kidogo. Nimekuta pia hao wenzake wawili aliowaleta Sajini, mambo ni yale yale."

"Vichwa vya samaki?"

"Vichwa vibichi vilikuwamo, na vilikuwa vimeshaanza kusagika, vya asubuhi. Havina neno. Kilichokuja juu yake ndicho chenye sumu." Alimsogezea sahani ya bati. "Wali. Mchuzi wa nyanya. Samaki wa kukaanga, mnofu, tena umetolewa miba."

Inspekta aliitazama ile sahani muda mrefu, mpaka akasahau kupiga chafya.

"Wali na samaki wa mchuzi," alisema. "Watu wote wa gazetini walikula jana, na wote wazima. Kwa hiyo sufuria ya Mama Lishe haina kosa. Sumu iliingia kwenye bakuli moja."

"La nani?"

"La aliyewalisha paka. Aliwapa chakula chake mwenyewe. Na hakuwapa masalio, aliwapa chote, anawatazama na kumeza mate." Alianza kutembea kati ya mizani na jokofu. "Kwa nini mtu mwenye njaa ampe paka mnofu? Leo nimempa chai hakuinywa. Kaletewa chakula hakula. Midomo imemkauka. Nikimuuliza anatazama viatu, mtu asiyejua kusema uongo na asiyetaka kusema kweli." Akasimama. "Daktari, mtu akiapa kwa Mungu kwamba hatafanya jambo, kisha akalifanya, anatakiwa nini?"

Daktari alivua miwani. "Kafara. Alishe masikini kumi au awavishe. Asipoweza, afunge siku tatu. Umeapa nini?"

"Mimi hapana. Beberu kala habari ya Babu. Babu kwa hasira akaapa hatamlisha tena. Sasa niambie, yule mzee anaweza kumnyima beberu anayemtazama?"

"Hata dakika."

"Kwa hiyo amefunga. Tangu jana. Na hasemi, anaona haya, maana ni yeye anayewakataza watu kuapaapa ovyo." Sauti yake ilipungua. "Jana bakuli lilipoletwa, hakutaka kumvunja moyo Mama Lishe, akashuka nalo kwa paka. Leo hawapo paka wa kuwapa."

"Leo kalifanyaje?"

"Kaliweka kwenye mtoto wa meza," alisema Inspekta. "La kufuturia."

Wote wawili wakatazama dirisha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la jengo la mbele.

Simu ya Babu ilikuwa imezimwa, kama inavyozimwa kila anapokwenda kuswali alasiri na kusahauliwa kuwashwa. Simu ya gazeti iliita mpaka ikachoka. Inspekta alimpigia Sajini huku akikimbilia gari. "Uko wapi? Mbali? Basi njoo gazetini hivyo hivyo, mbio." Kisha barabara ikamfungia. Mbele yake lori lilikuwa limekaa katikati ya makutano na watu wawili wakibishana nani arudi nyuma. Aliliacha gari hapo hapo, mlango wazi, akavua viatu vya kisigino, akavishika mkononi.

Na ni pale, akikata mitaa pekupeku, muuza matunda akimwuliza dada vipi, ndipo uso wa Babu ulipomjia, unacheka, mtoto wa paka begani. Picha iliyotafutwa tangu jana asubuhi. Jana asubuhi, kabla chakula cha mchana hakijafika.

*

Adhana ya magharibi ilimkuta kwenye ngazi.

Alipousukuma mlango, Babu Nyau alikuwa ameketi mezani kwake, ametandaza gazeti la jana. Juu yake paliwekwa tende, glasi ya maji na bakuli la bluu. Kurasa alizoandika zilikuwa zimepangwa pembeni, zimelaliwa na kalamu. Mpiga picha alikuwa anafunga mkoba wake. Kwenye chumba cha vioo Mkasi alikuwa amesimama, hafanyi kitu chochote, macho yake kwa mzee.

"Bismillahi," alisema Babu, na tende ikaingia kinywani. Mkono wa pili ukaenda kwenye mfuniko wa bakuli.

"Babu." Inspekta hakuwa na pumzi ya zaidi. "Tende na maji."

Mkono ukasimama. "Na wali upo, mwanangu, karibu. Ni mwingi."

"Tende na maji tu, Babu yangu. Nakuomba."

Alivuka chumba, akalivuta lile bakuli kwa ncha ya gazeti, akaketi nalo kwenye kiti cha pili, viatu vyake vikiwa bado mkononi. Kisha akageuka kwenye vioo na kuita kwa sauti ya mtu mwenye wageni.

"Bosi, njoo tule."

Mkasi alitoka taratibu. "Nimeshiba, afande."

"Wewe?" Mpiga picha alicheka. "Wewe unayefagia mpaka makombo ya msomaji prufu?"

"Tumbo halijatulia."

"Tonge moja tu," alisema Inspekta. "Si umelibeba mwenyewe? Jana na leo. Babu amefunga, jana hakulila, akawapa paka. Leo ametuwekea wewe na mimi."

Uso wa Mkasi ulikwenda kwa Babu. "Umefunga? Leo si siku ya kufunga."

"Ni kafara," Babu alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa ameanza kuelewa, akaiweka glasi ya maji mezani. "Nilikuwa sitaki watu wajue."

Inspekta alimgeukia mpiga picha. "Ile picha ya Babu akicheka. Nani alikuomba uitafute?"

"Mkasi. Jana asubuhi nilipoingia tu kazini. Nilidhani Babu anastaafu, tunamfanyia sherehe."

"Wakistaafu mnachapa sura zao?"

Mpiga picha aligeuza kichwa, akatazama korido, wale watu kwenye fremu zao. Mkoba ukamteleza begani.

"Nilitaka tu kuwa nayo," alisema Mkasi. "Ni mtu mzima. Lolote linaweza kutokea. Kila gazeti linaweka."

"Na likakaribia kutokea mchana ule ule," alisema Inspekta. "Bahati yako ilikuwa karibu sana. Haya, kula basi. Wewe na mimi. Nikikuona umemeza, nitaondoka na kukuomba radhi."

Alisogeza bakuli. Mkasi aliuangalia ule ukingo uliobanduka. Alikuwa mtu mnene, na alipoketi alikaa kwa mara moja, kama gunia lililokatwa kamba.

"Ile bucha ni ya shemeji yangu," alisema mwishowe. "Wadogo zake na watoto wa dada yangu wote wanaishi kwa bucha ile. Nilimwambia Babu asubiri. Mara ngapi nilikuambia usubiri, Babu? Halafu beberu akaila, nikasema Mungu kanisaidia. Nawe ukaja unacheka, unasema ipo kichwani yote."

Babu Nyau hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama aya yenye kosa, akitafuta lilipoanzia.

"Nilikupokea hapa hujui kuandika hata tangazo la mtu aliyepotea," alisema. "Siku ya kwanza nilikutuma msibani, ukarudi na habari bila sura ya marehemu. Nikakwambia nini?"

Mkasi aliinamisha kichwa.

"Nikakwambia, mwanangu, picha kwanza. Pata picha kabla ya kila kitu." Mzee alitikisa kichwa. "Hukusahau."

Vishindo vilisikika kwenye ngazi, kisha pumzi za Sajini, kisha Sajini mwenyewe, kofia mkononi. Alitazama viatu vilivyo mkononi mwa Inspekta, akatazama bakuli, akamtazama Mkasi. Akamfunga pingu. Inspekta alilitia bakuli kwenye mfuko, akaufunga, akaandika juu yake.

Mpiga picha alirudi kwenye kompyuta yake na kusimama juu ya ule uso unaocheka. "Nifute?"

"Usifute," alisema Babu. "Iweke. Nimetoka vizuri. Ila isubiri zamu yake." Alizikusanya kurasa zake, akazigonga mezani zilingane, akazitazama, kisha akazitazama zile kuta za vioo zisizo na mtu. "Sasa hizi nimpe nani?"

"Nipe mimi kwanza," Inspekta alisema. "Nizisome usiku. Kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kununua nyama."

"Kesho nimefunga. Imebaki siku moja."

"Kununua, Babu. Si kula."

Mzee akacheka, na alipocheka paka mmoja wa manjano, aliyeponea jana kwa kuchelewa, akaingia kwa mlango ulioachwa wazi na kuja kujisugua kwenye miguu ya Inspekta. Ikatoka chafya iliyotikisa glasi.

"Mungu akurehemu," alisema Babu. Alimbeba paka, akamsogeza mbali, akakaa naye mapajani akimpapasa na kuwaza. "Yule beberu," alisema. "Nilimtukana, mwanangu. Nilimwita mwizi mbele ya soko zima. Kumbe asingekula ile habari, nisingeapa, nisingefunga. Ningekuwa kwenye fremu. Kesho alfajiri nampelekea maganda kapu zima. Wallahi tena, kuanzia leo sita..."

Akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Malizia, Babu," alisema Inspekta, akivaa kiatu chake. "Malizia, halafu tukuone unafunga mpaka mwezi ujao."